Sahihi Juu ya Bahasha

Mfuko wa barua za familia ulikuwa pale pale ulipoachwa, chini ya dirisha la ofisi ya jeshi ya mizigo iendayo kwenye barafu ya kusini, na kwa jinsi ulivyobonyea katikati ilionekana wazi kwamba mtu alikuwa ameutumia kama kiti. Nélida Barrionuevo aliuona kabla hajauona uso wa aliyekuwa zamu. Aliutambua kwa kamba yake ya buluu, ambayo aliifunga mwenyewe mwezi uliopita baada ya kamba ya serikali kukatika mikononi mwa Sajini-meja Ledesma.

"Huu si mfuko wetu?" aliuliza.

"Ndio wenyewe, bibi," Ledesma alijibu.

"Niliambiwa ndege imekwenda na imerudi."

"Imekwenda na imerudi. Tatizo lilikuwa uzito. Jenereta ya kule ilitaka vipuri, mafuta yakaongezwa kwa sababu ya upepo, na rubani akasema lazima kitu kishuke. Kikashuka hicho."

Nélida alitazama ukutani. Mifuko mingine ilikuwa imesimamishwa pale kwa mpangilio, myeupe, mipya, imefungwa kwa lakiri ya risasi, na kila mmoja ulikuwa na picha ya pengwini iliyochapwa kwa wino mweusi.

"Na ya wakusanya stempu? Nayo ilishushwa?"

Ledesma alishughulika na kalamu yake. "Ya mwezi uliopita ilikwenda. Hii ni ya safari ijayo."

"Kwa hiyo bahasha tupu zilipanda ndege, barua zetu zikakaliwa."

"Usinitazame hivyo, bibi. Mimi napanga mifuko, sipangi nchi. Kuna mkataba na Chama cha hao wakusanya stempu. Kila bahasha ikigongwa muhuri kule ni ushahidi kwamba tuna posta kule, na penye posta yetu ni kwetu. Waingereza wanagonga yao, Wachile wanagonga yao, na sisi tunagonga yetu. Wakubwa wanaihesabu mihuri hiyo."

"Barua yangu nayo ingegongwa muhuri."

"Barua yako inaishia kule kule, mfukoni mwa mumeo. Nani ataiona? Hizi zinarudi, zinatawanyika dunia nzima."

Hoja hiyo haikuwa ya Ledesma. Alikuwa ameisoma katika waraka, akaikariri, na sasa aliitoa bila kuiamini wala kuitilia shaka, kama watu wengi wanavyozitoa hoja za serikali. Nélida alipomwomba aitie barua moja tu katika mfuko wa koti la rubani, alijibiwa kwamba marubani siku hizi hupekuliwa, tangu mmoja wao alipokutwa na pombe kali ndani ya vifurushi vya wake za watu. Alipoomba basi arudishiwe barua yake, Ledesma alitazama mlangoni, akafungua kamba ya buluu na kumwachia aitafute mwenyewe. Huo ndio ukarimu aliokuwa nao, na hakuuficha.

Nélida alipiga magoti kwenye saruji na kupekua barua za wenzake hadi akaiona yake. Ndani yake mlikuwa na fomu ya idhini ya upasuaji. Binti yake Analía, mwenye miaka minane, alikuwa akitokwa na usaha katika sikio la kushoto tangu kiangazi. Daktari alimwonyesha picha ya eksirei na kumweleza bila kupamba: kuna uvimbe nyuma ya ngoma ya sikio, unautafuna mfupa, na kila wiki inayopita unakula kitu ambacho mpasuaji hatakirudisha. Chumba cha upasuaji kilikuwapo. Daktari alikuwapo. Kilichokosekana ni sahihi ya baba, na baba alikuwa fundi wa mitambo katika kituo cha jeshi kwenye barafu ya kusini, kwa mwaka mzima.

*

Jumapili familia zilikusanyika kwa Mzee Anselmo, mpiga simu za upepo mstaafu, ambaye paa la nyumba yake huko Ciudadela lilijaa waya kuliko vigae. Wake na mama za wanajeshi walikaa katika chumba chake cha kulia, kibuyu cha chai ya yerba kikipita mkono hadi mkono, kila mmoja akingoja zamu yake kwenye maikrofoni ya redio. Hapakuwa na siri mle ndani. Aliyesema na mumewe alisema mbele ya majirani, na huko kusini sauti yake ilitoka kwenye spika ndani ya chumba cha redio, kamanda wa kituo akisikiliza. Ukutani palibandikwa kanuni: familia zisitoe habari za kuvunja moyo.

"Usimwambie kuhusu paa," Titina, mke wa mpishi wa kituo, alikuwa akimwambia mwanamke mwenzake. "Paa likivuja ni habari ya kuvunja moyo. Mwambie nyumba imepata hewa."

"Na wewe utamwambia nini wako?"

"Nitamwambia sijanenepa. Hiyo ndiyo habari anayoitaka, hata kama ni uongo. Ova."

Wanawake walicheka. Mama mkwe wa Nélida, Doña Hermelinda, hakucheka. Alikuwa amekuja na kofia yake ya kanisani, akakaa karibu na maikrofoni kana kwamba mwanawe angemwona.

"Uongee polepole," alimwambia Nélida. "Na usimtie wasiwasi. Kule mtu akiwa na wasiwasi anaganda."

"Mama, mtoto anaoza sikio."

"Nimekwambia usimtie wasiwasi."

Sauti ya Eusebio, mume wa Nélida, ilikuja na mkwaruzo. Nélida alimweleza kwa sentensi fupi, akisema ova kila alipofika mwisho ili kumwachia zamu, na baada ya kila ova chumba kizima kilinyamaza kumsaidia kusikia.

"Nimeelewa," Eusebio alisema. "Nakubali. Wampasue, hata kesho. Mimi Eusebio Barrionuevo, sajini, baba yake, nakubali. Mmesikia nyote? Ova."

"Tumesikia!" wanawake waliitikia kwa pamoja, ingawa kitufe hakikuwa kimebonyezwa na yeye hakuwasikia.

Mzee Anselmo aliandika maneno yale kwa mwandiko wake wa telegrafu, akatia sahihi yake kama shahidi, na Titina naye akatia. Nélida aliikunja karatasi ile na kuitia katika sidiria. Alilala vizuri usiku ule kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, jambo ambalo baadaye alijilaumu kwalo bila sababu yoyote.

*

Karani wa hospitali aliisoma karatasi ile mara mbili, akairudisha juu ya kaunta kwa ncha ya kidole.

"Hii ni sauti, mama. Sauti haina sahihi."

"Watu ishirini wamemsikia."

"Wangekuwa elfu. Sheria inasema baba. Fomu yetu, wino wake, na muhuri wa mkubwa wake kuthibitisha kwamba ni yeye. Ingekuwa dharura tungempasua hata bila kukuuliza jina. Lakini hii imepangwa, na ya kupangwa ina utaratibu wake."

"Mimi ndiye mama yake."

"Hilo hakuna anayelibisha."

"Kwa jaji je?"

"Umekwenda?"

Alikwisha kwenda. Mahakama zilikuwa katika likizo ya baridi, na karani wa zamu alimweleza kwamba mama hupewa mamlaka baba asipojulikana aliko. Baba huyu alijulikana aliko. Anuani yake ilikuwa imechapwa hadi kwenye kalenda za jeshi.

Nélida aliegemea kaunta. "Nikuulize swali moja. Mume wangu angekuwa amekufa, ningetia sahihi?"

"Leo hii, mama," karani alijibu, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikunjuka, kwa kuwa hatimaye aliulizwa jambo lenye jibu rahisi. "Ukija na cheti cha kifo."

Analía, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akivuta uzi wa soksi yake, aligeuza kichwa chote ili kutega sikio la kulia. "Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna," Nélida alisema. "Ndiyo shida yenyewe."

*

Aliyetaja jina la Wakili Achával ni Titina, ambaye alifanya usafi nyumbani kwa wakili huyo mara mbili kwa wiki.

"Yule ndiye mwenyekiti wa Chama cha stempu. Mwenzangu, yule akipiga chafya, ofisi ya mizigo inamwombea afya. Mfuko wake haujaachwa hata siku moja. Barua yako ikiwa ndani ya mfuko wake imefika."

"Na kwa nini anisaidie?"

"Kwa sababu ni mtu mstaarabu. Hata mimi ananiita bibi. Kunilipa kwa wakati ndiko hajastaarabika."

Wakili Achával aliwapokea mlango wa mbele, wakati Titina hupita wa jikoni. Alikuwa mstaafu mrefu mwenye mikono misafi kupita kiasi, na kabla ya kugusa chochote mezani alivaa glavu nyembamba za pamba. Alimwonyesha Nélida albamu zake. Kulikuwa na bahasha kutoka kila kituo cha kusini, kila mwaka, na kila moja ilikuwa na muhuri wa tarehe, muhuri wa kamanda na sahihi ya mwanajeshi mmoja wa kituo kile.

"Sahihi ndiyo roho ya bahasha," alieleza. "Muhuri unathibitisha mahali. Sahihi inathibitisha kwamba mahali pale palikuwa na mtu."

Nélida alisema alichojia. Achával alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, na alipomaliza akavua miwani.

"Sheria ile ni aibu, bibi. Nasema kama mwanasheria. Bungeni wamekwisha anza kuijadili, na itabadilishwa, nina hakika."

"Lini?"

"Mambo haya yana mwendo wake."

"Sikio nalo lina mwendo wake, mheshimiwa."

Alikubali, na ni haki kusema kwamba alikubali bila kusitasita. Alimpa bahasha ya Chama, nzuri, nzito, yenye pengwini pembeni. Fomu iingie ndani, alisema, lakini jina la mumewe lisionekane juu, kwa sababu mfuko ukikaguliwa bahasha yenye jina la mwanajeshi itatolewa na kutupwa kwenye mfuko wa familia. Juu ibaki anuani ya Chama kama bahasha nyingine zote. Yeye mwenyewe angeandika kijikaratasi kwa kamanda na kukiweka juu ya fungu: bahasha ya mwisho apewe Sajini Barrionuevo, aifungue, aitie sahihi fomu iliyo ndani, irudi na ndege hiyo hiyo.

"Ninakuomba jambo moja tu. Usilitaje hili kwenye redio. Kamanda husikiliza, wengine husikiliza, na ikijulikana kwamba mfuko wetu unabeba barua za faragha, Chama kitapoteza nafasi yake. Kijikaratasi changu kitatosha."

Nélida aliahidi. Hakutozwa bei nyingine. Aliifunga bahasha mbele yake, akaibana kwa kiganja hadi gundi ikashika, na Achával akaichukua kwa glavu zake na kuilaza ya mwisho.

Jumapili iliyofuata alizungumza na Eusebio kuhusu hali ya hewa. Doña Hermelinda alimsifu kwa busara.

*

Ndege iliondoka, ikakwama njiani Río Gallegos kwa sababu ya upepo, ikaenda, ikarudi. Nélida alijua ilipotua kwa sababu nyumba nzima ilitikisika, kama ilivyotikisika kwa kila ndege ya mizigo iliyoshuka upande ule. Aliwahi dirishani kwa Ledesma asubuhi yake. Mfuko wa Chama ulikuwa umechukuliwa na gari la Chama. Achával, ilisemekana, alikuwa Córdoba kwenye maonyesho na angerudi mwisho wa wiki.

Mwisho wa wiki haukungojwa. Analía aliinuka kutoka kwenye kifungua kinywa, akasema sakafu imeinama, akaanguka na kikombe mkononi. Alipookotwa shingo yake ilikuwa ngumu na upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea. Doña Hermelinda alianza kusali kwa sauti. Nélida alimbeba mtoto hadi barabarani, akasimama mbele ya lori la maziwa mpaka likasimama.

Hospitalini hakuulizwa sahihi. Karani yule yule aliwapitisha mbio, akishikilia mlango kwa mgongo, na ni Nélida aliyesimama ghafla katikati ya korido.

"Fomu je?"

"Fomu gani, mama? Hii ni dharura!"

Walimpasua mchana ule. Jioni daktari alitoka, akakaa kwenye benchi kando ya Nélida badala ya kusimama mbele yake, na kwa kitendo hicho tu Nélida alikwisha kuijua nusu ya habari.

"Ataishi," daktari alisema. "Usaha ulikuwa umeanza kuelekea ubongoni, tumewahi. Uso utarudi, kwa kiasi kikubwa. Sikio halikuokoka. Hapakuwa na kitu cha kuokoa mle."

"Mwezi uliopita kingekuwapo?"

Daktari alikuwa kijana na bado hajajifunza kudanganya vizuri. "Ndiyo," alisema.

Doña Hermelinda alilia ndani ya leso yake. "Afadhali Eusebio hayupo," alisema. "Asingeyaweza haya."

Nélida alimgeukia taratibu. "Mama," alisema, "ukilirudia neno hilo utalala kituo cha basi."

*

Wakili Achával alikuwa na wageni wawili, wanachama wenzake, na mezani palikuwa na mvinyo mtamu na kioo cha kukuzia. Hakushangaa kumwona Nélida, alifurahi. Alimvuta kiti.

"Bibi Barrionuevo, nilitaka kukutafuta. Bahasha imefika, na imefika vizuri ajabu."

Aliileta kwenye trei. Ilikuwa yenyewe, haijafunguliwa. Upande wa kulia palikuwa na muhuri wa kituo, umegongwa bila kupepesuka, mduara kamili. Chini yake muhuri wa kamanda. Na chini ya muhuri wa kamanda, kwa wino wa buluu, katika mwandiko ambao Nélida aliujua kuliko wake mwenyewe: *E. Barrionuevo, sajini, fundi wa mitambo.*

Ilikuwa sahihi halisi. Ilikuwa ya wino. Mkubwa wake alikuwa ameithibitisha. Kila kitu ambacho hospitali ilikitaka kilikuwa pale, nje ya bahasha, unene wa karatasi moja mbali na mahali kilipotakiwa kuwa.

"Ametia sahihi yeye mwenyewe," Achával alisema. "Bahati ya kipekee. Kila jioni wanajeshi hugawana mafungu ya kutia sahihi, na hili limemwangukia yeye."

"Kijikaratasi ulikiandika?"

Mmoja wa wageni aliweka glasi chini.

"Nilikitafakari sana," Achával alisema. "Niliona si busara. Kingekuwa ushahidi wa maandishi dhidi ya Chama, unaelewa. Nikajiambia mumeo ataihisi kwa vidole kwamba ina kitu ndani."

"Zote zina kitu ndani," alisema mgeni wa pili, kwa kutaka kusaidia. "Tunatia kadibodi zisikunjike. Asingeweza kutofautisha."

Achával alimtazama mwenzake kwa huzuni ya mtu aliyesalitiwa na ukweli mdogo. Nélida aliichukua bahasha.

"Bibi, glavu, tafadhali. Na usiifungue. Ikifunguliwa haina thamani."

"Mwanangu ni kiziwi sikio moja," Nélida alisema. "Uso umepinda. Anakunywa maziwa kwa mrija."

"Nasikitika kwa dhati. Ningejua kwamba hali ni..."

"Ulijua. Nilikaa kwenye kiti hiki nikakwambia. Ulivua miwani ili unisikilize vizuri."

Aliipasua kwa kidole, kutoka kona hadi kona, kupita katikati ya muhuri. Fomu ilikuwa kama alivyoikunja, nafasi ya sahihi ya baba nyeupe. Aliiacha mezani kwenye albamu ya wakili iliyofunuliwa, na karatasi ya bahasha akaishindilia ndani ya glasi ya mvinyo, mvinyo ukafurika kuelekea albamu. Wanaume watatu walisimama kwa pamoja. Walisimama kwa ajili ya albamu.

*

Jumapili alifika kwa Mzee Anselmo mapema na kukaa kwenye kiti cha mama mkwe wake. Hakusubiri zamu.

"Eusebio, sikiliza, usinijibu mpaka nimalize. Bahasha za Chama mlizogonga safari hii, moja ilikuwa nene kidogo. Umeitia sahihi. Ova."

"Nyingi ni nene. Wanaweka kadibodi. Kwa nini? Analía vipi? Ova."

"Ndani ya ile mlikuwa na fomu ya Analía. Uliigonga muhuri ukairudisha. Aliyeahidi kukuambia uifungue hakukuambia. Wamempasua kwa dharura, yu hai, sikio limekwenda."

"Bibi," Mzee Anselmo alinong'ona, akiinua mkono kuelekea kanuni ukutani.

"Hiyo ya kuvunja moyo, mzee? Basi sijamaliza." Alibana kitufe kwa dole gumba hadi kucha ikawa nyeupe. "Na barua zetu zote za mwezi uliopita hazikuwafikia kwa sababu ndege ilijaa bahasha zile. Mke wa fundi wa redio amejifungua, picha ya mtoto imo mfukoni, kule chini ya dirisha la Ledesma. Mama yake Ponce, mwenzenu, amezikwa. Mnaambiwa hapana nafasi. Nafasi ipo, mnaigonga muhuri kila jioni baada ya chakula. Ova."

Spika ilitoa mkwaruzo mtupu. Chumba cha kulia kilikuwa na wanawake wengi na hakuna aliyeshika kibuyu. Kisha ikaja sauti nyingine, kavu, ya kamanda, ikisema mawasiliano yamekatishwa kwa sababu za kiufundi.

"Kiufundi," Titina alisema. "Fundi ndiye huyo mumeo. Ameharibika."

Doña Hermelinda aliinuka, akavua kofia yake, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha Nélida, na alikaa hivyo mpaka Mzee Anselmo alipozima mashine.

*

Mfuko wa Chama uliorudi na ndege iliyofuata haukuchukuliwa na gari. Uliwekwa juu ya meza ndefu ya ofisi ya mizigo, na Achával aliitwa aje aukague mbele ya mkuu wa ofisi. Nélida alifika dirishani saa hiyo hiyo akiwa na barua mpya, Analía kando yake amefungwa kitambaa kichwani, akimshika mama yake kwa mkono wake wa kushoto ili sikio zima liwe upande wa watu.

Hapakuwa na muhuri hata mmoja. Bahasha zote zilikuwa zimefunguliwa, kwa wembe, kwa juu, kwa mkato mnyoofu wa watu waliozoea kazi ya mikono. Kadibodi zilikuwa zimetolewa, zikatazamwa, zikarudishwa, nyingine ndani ya bahasha zisizo zake. Achával alitoa bahasha moja baada ya nyingine. Alikuwa amesahau kuvaa glavu.

"Nani amefanya hivi?" mkuu aliuliza.

"Kituo kizima, afande," Ledesma alisema. "Kamanda ameandika kwamba hakuna anayemtaja mwenzake. Amewakata wote mshahara." Alisita. "Wameandika maelezo yao pia. Sentensi moja. Wanasema walikuwa wakitafuta barua."

"Wasitegemee mkataba tena!" Achával alisema, na sauti yake ilipasuka. "Hatuleti tena mfuko mahali kama pale. Kamwe!"

Hakuna aliyembembeleza. Nélida aliinama dirishani.

"Wamezifungua zote, Ledesma?"

"Zote, bibi."

"Walikuta nini?"

Ledesma alimtazama wakili, akamtazama mkuu, kisha akamtazama mtoto.

"Kadibodi," alisema.

Nélida aliiweka barua yake juu ya mizani. Jina la mumewe lilikuwa limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa, pamoja na cheo na kituo, mahali ambapo yeyote angeweza kulisoma.

"Pima," alisema. "Nafasi sasa ipo."